Laini kwa Jina la Mzazi, Simu Mkononi mwa Mtoto

Hotuba kwa mkutano wa wazazi na walezi, Dar es Salaam, kabla ya likizo ya Desemba

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, Mwalimu Mkuu na walimu wako, wazazi na walezi wenzangu, itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumze juu ya namna kampuni za simu zinavyoweza kumsaidia mzazi kusimamia simu ya mtoto, na ombi hilo limekuja kwa wakati wake, kwa kuwa shule zinakaribia kufungwa na watoto wataanza kushinda nyumbani, simu ikiwa ndiyo mwenzao wa karibu zaidi. Kwa miaka kadhaa nilikaa kwenye dawati la huduma kwa wateja la kampuni moja ya simu hapa jijini, na katika yote ambayo wazazi walikuja kuniuliza hakuna lililojirudia kama hili: kwa nini ninyi wenye mtandao hamyafungi haya mambo mabaya yasimfikie mtoto wangu? Jibu langu la leo ni refu kuliko lile nililolitoa dirishani huku foleni ikinung'unika, lakini kiini chake ni kimoja. Mtandao haujui kwamba mtoto wako yupo. Katika kumbukumbu zake laini ile ni ya mtu mzima mwenye kitambulisho cha taifa na alama za vidole, na mtu mzima huyo ni wewe.

Wengi wetu tunaukumbuka usajili wa laini kwa alama za vidole, ile misururu mirefu ya kutafuta namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na laini zilizoanza kuzimwa Januari 2020. Kuanzia hapo hakuna laini halali isiyo na mwenyewe. Mtoto aliye chini ya miaka 18 husajiliwa laini na mzazi au mlezi wake, na utaratibu huo ni mzuri, lakini kwa niliyoyaona mimi dukani, mzazi anayefika kaunta na kusema wazi kwamba laini hii naichukua kwa ajili ya mwanangu ni mmoja mmoja sana. Wengi huchukua laini ya pili ya mtandao mwingine kana kwamba ni yao, wakaitia kwenye simu ya mtoto. Wengine humpa ile ya zamani waliyoiacha walipohama mtandao, ikiwa bado na akaunti ya pesa, bado inakopesheka, na bado imeunganishwa na huduma ambazo mwenyewe amezisahau.

Tazameni yanayofuata. Sheria inamkataza mtu asiyetimiza miaka 18 kucheza michezo ya kubahatisha, na matangazo redioni humalizia kwa kulisema hilo kwa kasi ya ajabu. Lakini akaunti ya kubashiri hufunguliwa kwa namba ya simu, fedha huingia na kutoka kwa njia ya pesa za simu, na ikiwa namba hiyo imesajiliwa kwa jina la baba mwenye miaka 46, basi anayesuka mkeka wa kubashiri saa tano za usiku chini ya shuka, machoni pa mfumo, ni baba mwenye miaka 46. Mfumo haujadanganywa na mtu yeyote. Umepewa jina, umelikubali. Ndivyo ilivyo kwa mikopo midogo ya salio na ya fedha, ambayo hutolewa kwa kutazama historia ya laini, si sura ya aliyeishika simu. Ndivyo ilivyo pia kwa zile huduma za ujumbe za nyota, vichekesho na dondoo za mpira, ambazo mtu hujiunga kwa kubonyeza tarakimu moja na kukatwa kidogo kidogo kila siku. Tunapolalamika kwamba kampuni imemruhusu mtoto kufanya jambo la watu wazima, mara nyingi ukweli ni kwamba kampuni ilimruhusu mtu mzima, nasi ndio tuliomkabidhi mtoto utu uzima huo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji programu wala utaalamu. Bonyezeni *106# na kufuata menyu, muone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chenu. Usipoitambua namba mojawapo, nenda dukani ifutwe. Ukiitambua kuwa ndiyo anayoitumia mtoto, nenda vilevile, useme kwamba mtumiaji ni mtoto, uulize ni huduma zipi zinaweza kuondolewa kwenye laini hiyo, hasa akaunti ya pesa na huduma za ujumbe za kulipia. Msikubali kujibiwa kwa mkato. Hilo ni dirisha nililowahi kulikalia, na najua kwamba mteja anayejua anachokitaka huhudumiwa tofauti na anayesema tu kwamba simu inamsumbua.

Sasa, zipo nchi ambako mtandao huanza upande wa pili. Uingereza, mwezi Januari 2004, kampuni za simu zilikubaliana kwa hiari juu ya kanuni moja: maudhui yanayofaa watu wazima peke yao yafungwe kwenye laini mpaka mteja athibitishe kwamba ametimiza miaka 18. Anayetaka kufunguliwa huonyesha kitambulisho dukani au hutumia kadi ya mkopo, ambayo kule haitolewi kwa mtu aliye chini ya umri huo. Tangu 2013 mstari kati ya kinachofaa na kisichofaa huwekwa na BBFC, chombo kilekile kinachopanga madaraja ya filamu za sinema. Angalieni tofauti iliyopo: kwao kila laini inahesabiwa kuwa huenda ni ya mtoto mpaka mtu mzima ajitokeze, na kwetu kila laini ni ya mtu mzima, basi. Marekani wao wamelifanya kuwa biashara. Kampuni kama Verizon na AT&T zina huduma za familia za kulipia kila mwezi, ambazo humwezesha mzazi kuona mtoto yuko wapi, kuzima intaneti wakati wa kulala, na kuzuia aina fulani za tovuti. Wenye ndugu huko mmeshazisikia, na pengine mmejiuliza kwa nini hazijafika hapa kwa namna hiyo.

Jirani zetu Kenya, mwaka 2025, walitoa kupitia Mamlaka yao ya Mawasiliano miongozo kwa sekta nzima kuhusu usalama wa watoto mtandaoni, na binafsi ningependa kuona kampuni zetu hapa zikifikishwa mahali pa kumuuliza kila mnunuzi wa laini swali moja tu: nani ataitumia? Lakini nisiwape matumaini yasiyo na msingi. Hata kama kesho Vodacom, Airtel, Yas, Halotel na TTCL wangeamua kwa pamoja kufanya kama Waingereza, bado kuna mambo ambayo mtandao hauwezi kuyaona, na mzazi asiyeyajua atalala usingizi wa bure.

Mtandao wa simu siku hizi ni kama mlinzi wa geti la mtaa: anaona gari limeelekea nyumba ipi, haoni kinachofanyika sebuleni. Tovuti nyingi hufunga mawasiliano yake kwa njia fiche, hivyo kampuni huliona jina la tovuti bila kuuona ukurasa unaosomwa. Inaweza kuizuia tovuti nzima ya ngono. Haiwezi kuzuia video moja ndani ya YouTube ikaziacha nyingine. WhatsApp nayo tangu 2016 hufunga ujumbe kuanzia simu ya mtumaji hadi ya mpokeaji, kwa hiyo picha inayorushwa kwenye kundi la darasa hupita mbele ya mtandao ikiwa imefunikwa gubigubi. Kuna VPN, programu inayopitisha mawasiliano kwenye njia ya siri, ambayo huficha hata lile jina la tovuti. Oktoba 2023 TCRA, Mamlaka yetu ya Mawasiliano, ilipotoa tangazo la kuwataka watumiaji wa VPN kutoa taarifa zao, nina hakika wapo vijana waliolisikia neno hilo kwa mara ya kwanza siku ile na kulitafuta siku ile ile.

Na kubwa kuliko hayo, kufuli la mtandao hufuata laini. Mtoto akiunganisha simu kwenye Wi-Fi ya jirani, ya duka, au hotspoti ya kaka yake, hayumo tena kwenye mtandao uliomfungia. Ndiyo maana hata zile huduma za Marekani humtaka mzazi aweke programu ya pili kwenye simu ya mtoto, kwa sababu kampuni inajua kwamba laini peke yake haitoshi.

Je, basi kampuni ya simu haina msaada? Inao, na ni mkubwa, ila haupo pale tunapoutafuta. Mtandao unafanya vizuri mambo mawili kuliko programu yoyote: unapima data, na unashika fedha.

Tuanze na data. Udhibiti wa kwanza wa mtoto hapa kwetu ni kifurushi, nao unao mkononi mwako sasa hivi. Kuna vifurushi vya dakika na ujumbe mfupi visivyo na data hata kidogo, na mtoto wa darasa la tano ambaye umempa simu ili ujue amefika kwa shangazi yake hahitaji zaidi ya hicho. Anayehitaji data kwa masomo, mnunulie wewe kutoka kwenye simu yako kwenda namba yake, kifurushi kidogo cha siku, badala ya kumtumia hela anunue mwenyewe, maana akinunua mwenyewe atachagua kile cha usiku ambacho ni rahisi zaidi, na urahisi wake ndio utakaomkesha mpaka alfajiri. Msiache salio kubwa likae kwenye laini yake. Kifurushi kikiisha, salio nalo linaweza kuliwa na data. Najua mtasema kwamba watoto hurushiana bando wao kwa wao. Hurushiana kweli. Lakini bando la kuomba huwa dogo, na mwombaji hachelewi kuchokwa.

Fedha zina maelezo mafupi, ingawa ndizo zinazoumiza haraka. Laini ya mtoto isiwe na akaunti ya pesa ikiwa hakuna sababu ya msingi. Na simu yako wewe mzazi, ambayo mtoto huichukua kila ukirudi kazini, ibadilishe namba ya siri, kwa kuwa mtoto anaijua. Hakuiiba. Tulimpa wenyewe siku ile mikono imejaa unga, tukasema hebu mtumie mangi hela ya mkaa, namba ya siri si unaijua.

Nije kwenye simu yenyewe, kwa sababu hapa ndipo kazi iliyoshindikana kwenye laini inapokamilishwa. Alikuja dukani mama mmoja akilalamika kwamba tunamwibia bando, kwamba ananunua kifurushi cha wiki kikiisha siku ya pili. Alikuja na binti yake wa miaka 12, ambaye ndiye mtumiaji wa simu. Nilifungua mipangilio, nikaingia kwenye matumizi ya data, na kila kitu kilikuwa pale kimepangwa kwa programu: video fupi zimekula karibu zote, zilizobaki ni chembe. Nikafungua akaunti ya Google iliyokuwa kwenye simu, nikasoma tarehe ya kuzaliwa ya mwenye akaunti, na mwaka ulioandikwa ulikuwa 1987. Nilimuuliza binti, naye akajibu bila hofu yoyote: "Shikamoo. Simu iliniuliza nimezaliwa lini, nikaweka yangu ikakataa, ndiyo nikaweka ya mama." Mama alicheka kwanza, halafu akanyamaza.

Binti yule hakuwa mjanja kuliko wengine. Google haimfungulii aliye chini ya miaka 13 akaunti ya kujitegemea. Humtaka mzazi asimame naye. Binti alikutana na mlango uliomtaka mzazi, mzazi hakuwepo, akaingia kwa jina la mzazi, kama vile laini ilivyokuwa imeingia kwa jina la mzazi. Na mwaka ule mmoja wa uongo ulikuwa umefungua mengine yote: matangazo ya watu wazima, programu zisizomfaa, maoni ya wageni. TikTok tangu 2023 huwawekea walio chini ya miaka 18 kikomo cha dakika 60 kwa siku, na Instagram tangu 2024 imeanza kuwaweka vijana kwenye akaunti zenye masharti zaidi, lakini ulinzi wote huo hutegemea umri ulioandikwa siku ya kujiunga. Aliyezaliwa 1987 hana kikomo cha aina hiyo.

Kwa hiyo, likizo hii, yeyote mwenye mtoto anayetumia simu ya Android amfungulie akaunti ya mtoto kwa tarehe yake halisi kupitia Family Link, programu ya Google isiyolipiwa, ambayo mzazi huiweka kwenye simu yake na kuiunganisha na simu ya mtoto. Humo mzazi huidhinisha kila programu kabla haijapakuliwa, huweka saa za matumizi kwa siku, huifunga simu wakati wa kulala, na huweza kuona ilipo ikiwa imewashwa na ina mtandao. Haijali simu imeunganishwa na laini gani wala Wi-Fi ya nani, na hapo ndipo inapoishinda kufuli la kampuni ya simu. Wenye iPhone wanayo Screen Time tangu 2018, ndani ya mipangilio ya simu yenyewe, na sharti lake moja ni kwamba namba yake ya siri isiwe ile inayofungulia simu. TikTok ina mpango wake wa kuunganisha akaunti ya mzazi na ya mtoto tangu 2020. Inataka dakika chache za utulivu na intaneti ya kutosha. Ugumu wake ni kwamba mzazi lazima awe na akaunti yake mwenyewe na alikumbuke nenosiri lake, na hapo ndipo ninapoona wengi wakiinamisha vichwa.

Najua pia kwamba katika nyumba nyingi zilizowakilishwa hapa mtoto hana simu yake. Simu ni moja, ni ya mama, ikirudi jioni inapokewa mlangoni kabla ya mfuko wa mboga. Wataalamu wengi wanaozungumzia udhibiti wa wazazi hulisahau kundi hili, na mimi naona ndilo kubwa. Kwa simu ya pamoja, jifunzeni kubandika programu, au kubandika skrini kama inavyoitwa kwenye baadhi ya simu: ipo ndani ya mipangilio ya usalama ya Android tangu 2014. Ukishaibandika katuni au somo la hisabati, na ukachagua namba ya siri iombwe kabla ya kutoka, mtoto hawezi kutoka humo kwenda kwenye ujumbe wako, picha zako au pesa zako mpaka uweke namba ya siri. Wenye Samsung wana sehemu maalumu ya watoto ndani ya simu. Kwa mtoto mdogo hiyo inatosha kabisa.

Kwa wakubwa, ambao wako kidato cha tatu na cha nne, nina maoni tofauti kidogo na ya baadhi yenu, na Mwenyekiti ataniwia radhi. Kichujio kikali hakibagui vizuri. Kinachozuia picha za ngono kinaweza pia kuzuia ukurasa unaomweleza binti kuhusu hedhi au mahali pa kutoa taarifa akinyanyaswa, na binti wa miaka 16 anazihitaji taarifa hizo zaidi ya anavyohitaji kulindwa zisimfikie. Wala siungi mkono programu za siri za kusoma ujumbe wa kijana bila yeye kujua. Kijana akizigundua, na huzigundua, anachojifunza ni kutafuta simu ya pili, na simu ile ya pili hutaiona kwenye *106# yako, maana itakuwa kwa jina la mtu mwingine. Mwambieni kilichowekwa, kwa nini kimewekwa, na kitaondolewa lini. Na mwambieni jambo moja ambalo hakuna kufuli litakalomwambia: kwamba kumrushia mwenzake picha ya utupu ya mwanafunzi mwingine, hata kama yeye siye aliyeipiga, kunaweza kumfikisha kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Wapeni pia namba 116, ya msaada kwa mtoto, ambayo anaweza kuipiga mwenyewe bila malipo akitishwa au akiombwa picha na mtu asiyemfahamu. Ujumbe wa kitapeli, ule wa tuma kwenye namba hii, upelekwe 15040. Namba ya kwanza iandikwe mahali mtoto anapoiona, hata nyuma ya daftari, kwa sababu siku atakayoihitaji huenda simu ndiyo itakayokuwa imechukuliwa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, umenipa nusu saa na nadhani nimeimaliza. Walimu wametuandalia madarasa mawili. Waliokuja na simu ya mtoto waende darasa la kulia, tufungue akaunti pamoja na turekebishe tarehe za kuzaliwa. Waliokuja na simu zao peke yao waende la kushoto, waanze kwa kubadilisha namba ya siri ya pesa, na tafadhali wasiitaje kwa sauti, kwa kuwa naona watoto wamejaa dirishani.